Kengele Iliyolia Mara Moja

Kessling, Pennsylvania
Alhamisi, 12 Oktoba 2023

Kwa kaka yangu Lyle,

Pokea salamu zangu kwanza, na ninaomba zikukute mzima, goti lako limetulia, na baridi ya huko Nebraska haijaanza kukuuma. Sisi huku hatujambo. Arlene anakusalimu sana. Sukari yake imeshuka kidogo tangu aache donati za kanisani, ingawa analalamika kila Jumapili kama mtu aliyenyang'anywa haki yake. Ule mti alioupanda Mama mbele ya nyumba umegeuka mwekundu wote wiki hii. Kaburi lake nililisafisha Jumamosi na nikaweka maua ya njano, yale aliyokuwa anayapenda.

Najua umeshangaa kuona barua. Mimi na wewe tumezoea kadi ya Krismasi, na simu siku ile Mama alipofariki, basi. Utakuwa pia umeshahisi kuna kitu kigumu kwenye kona ya bahasha. Nakuomba ukiache hapo hapo. Soma mpaka mwisho ndipo ukitoe. Ukifika katikati ukaamua kuitia barua motoni, hiyo ni haki yako, lakini hicho kitu usikitupe.

Nianze na habari yenyewe. Mwaka huu chuo kinatimiza miaka mia ya Halowini. Wameamua kutoa kitabu, na kazi hiyo kapewa mkutubi, Nadine Eberly. Wewe humjui, alikuja baada yako. Ni mama mmoja mfupi, mcheshi, anavaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja machoni na mwingine kichwani, halafu anazunguka akiutafuta wa tatu. Tangu Mei amekuwa akinifuata na kalamu yake. Nikiwa juu ya mashine ya kukatia nyasi, yuko pembeni ananipungia mkono. Anasema mimi ndiye kabati lake la kumbukumbu, tena kabati lisilolia bawaba. Kwa kuwa hakuna mtu aliyefanya kazi hapa muda mrefu kuliko mimi, alinipa kila sura niisome nimwambie kama kuna kosa.

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa kesho, Ijumaa. Na jina lako limo, Lyle. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ngoja nikueleze kilivyokaa, ili uone huyu mama si mtu wa kuandika ovyo. Kinaanza na ng'ombe, bila shaka. Lakini sikujua kwamba ng'ombe yule alikuwa wa mkuu wa chuo mwenyewe, na kwamba alikuwa na mimba. Ilikuwa 1923. Wanafunzi walimpandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu siku ya Halowini, na ng'ombe, kama unavyojua, kupanda atapanda, kushuka hashuki. Alikaa siku mbili mle kwenye darasa la Kilatini. Wakamteremsha dirishani kwa kamba na magodoro, na mkuu wa chuo amesimama chini na kofia mkononi. Nadine amepata barua ya yule mkuu kwa dada yake. Anasema hakuwa na hasira, alikuwa anacheka mpaka mbavu zinauma, ila ilibidi aonekane mkali. Ndipo akawaita wanafunzi akawaambia, nipeni mwezi mmoja wa utulivu nami nitawapa jioni moja ya kelele.

Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya kuufunga ulimi wa kengele. Tarehe mosi Oktoba ulimi unafungwa gunia, na mwezi mzima hakuna kengele ya darasa wala ya ibada. Siku ya Halowini watu wa bustani wanapanga maboga kwenye nyasi, moja kwa kila mwanafunzi, uso chini. Yote yamechongwa macho na mdomo, isipokuwa moja. Anayeliokota lile boga kipofu ndiye anayepanda mnara wa kanisa la chuo peke yake kuipiga kengele saa moja kamili jioni. Kengele ikilia tu, taa za mabweni zote zinazimwa, mishumaa inawashwa ndani ya maboga, watu wanapiga masufuria na kuimba na kulizunguka bwawa.

Ameandika na mwaka wa arobaini na tatu, vita, chuo kimebaki na wasichana na wavulana kumi na wawili tu, na aliyeipiga kengele alikuwa mpishi kwa sababu boga kipofu lilibaki mwisho bila mtu. Ameandika na mwaka wa sabini, waliposema hawashangilii kitu, wakaacha ulimi umefungwa na badala yake wakasoma majina ya vijana wa mji huu waliokufa vitani. La kwanza kusomwa lilikuwa la mtoto wa jirani yetu, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Nilipolisoma nilitoka nje nikakaa kidogo kwenye ngazi.

Halafu ikaja sura ya mwaka 1990.

Nilijua itakuja. Tangu Mei nilikuwa naingojea kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Akanipa Jumatatu ya wiki iliyopita, kurasa sita, amezibana kwa kibanio chekundu. Nikazisomea kwenye banda la vifaa nimesimama. Kwenye ukurasa wa tatu imeandikwa kwamba mwanafunzi Rosalind Takacs, miaka kumi na tisa, baada ya kuipiga kengele, alianguka futi kumi na mbili kupitia mlango wa sakafuni wa mnara, "ambao fundi Lyle Stambaugh hakuhakikisha kuwa umefungwa komeo." Maneno hayo yametolewa kwenye ripoti ya chuo.

Wewe unakumbuka ulivyosema kwenye kile chumba chenye meza ndefu, wakubwa wa chuo walipokuhoji. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimeshika kofia yako, na mlango haukuwa umefungwa vizuri, nikasikia kila neno. Uliwaambia ulimpandisha yule binti saa moja kasorobo, akaingia juu, ukamwambia afunge komeo kutoka juu halafu akanyage sakafu mara tatu ili ujue. Akakanyaga mara tatu, ukasikia, ukashuka. Na mzee Harlan Yoder, msimamizi wetu, akakukatiza kwa sauti ile yake ya kuku. Akasema, "Komeo moja, Stambaugh! Kwa mwaka mzima nakuomba komeo moja tu!" Ukarudia kwamba alikanyaga mara tatu na ulisikia. Na mmoja wao akauliza kama siku hiyo ulikuwa umekunywa sida kali, ile pombe ya matofaa. Wewe ambaye hata bia ulikuwa huigusi.

Na walipotaka kuniita na mimi nihojiwe vizuri, ulisema nini? Ulisema, "Mwacheni mdogo wangu. Yeye alikuwa kwenye pipa la sida na wenzake. Huyu hahusiki."

Basi, nikamrudishia Nadine zile kurasa Jumanne ya wiki hii. Nikamwambia sijaona kosa. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine. Akaniangalia juu ya miwani akasema ni ajabu, kwa sababu yeye ameona makosa matatu.

Akanikalisha. Kwanza, akasema, amezungumza na Rosalind kwa simu. Anaishi Ohio, anafundisha piano, anatembelea kiti cha magurudumu. Rosalind amemwambia kitu kile kile alichosema akiwa hospitalini mwaka 1990, kwamba komeo alilifunga yeye mwenyewe, na akakanyaga mara tatu. Kwa hiyo watu wawili wamesema neno moja, na wote wawili hawakuaminiwa. Pili, Rosalind anasema kamba ya kengele hakuigusa. Alikuwa bado anangoja saa ifike. Sasa kengele ile ililia mara moja, mji mzima ulisikia. Nani aliipiga? Na tatu, akasema, amesoma maelezo yako yote. Uliandika kwamba mchana ulipoufungua ulimi ulilitundika gunia kwenye msumari. Siku ya pili polisi waliandika orodha ya kila kitu kilichokuwemo mle juu, mpaka njiwa aliyekufa. Gunia halimo.

Akaniuliza, "Gunia lilikwenda wapi, Denny?"

Nikasema labda panya. Akacheka, akasema panya wa Kessling wana nguvu. Halafu akaacha kucheka. Akasema ninajua wanafunzi hawa wanavyovaa siku hiyo, na kwamba yeye ameishi nao miaka mingi na hajawahi kujiuliza vazi hilo lilianzia wapi.

Hili wewe hulijui vizuri kwa sababu uliondoka kabla halijakua. Rosalind alisema kuna sura aliyoiona. Rangi ya udongo, haina pua wala mdomo, macho mawili tu. Madaktari wakasema ni kichwa kilichogonga ubao. Lakini wanafunzi waliokuja baadaye wakaipenda ile habari. Mwaka wa tisini na tatu wakaanza kuiita Sura ya Mnarani. Sasa ndiyo Halowini yenyewe, Lyle. Fulana zina Sura. Biskuti zina Sura. Watoto wa mjini wanapelekwa kuuona mnara na wanaambiwa Sura ndiyo iliyoipiga kengele ile mara moja. Na jioni ya tarehe thelathini na moja watu mia nne wanazunguka bwawa na magunia vichwani, yametobolewa matundu mawili. Kila mwaka kuna mmoja atakayenijia na kuniuliza, "Babu Denny, wewe umeshawahi kuiona?" Nami nasema hapana, na wanacheka, na mimi nacheka.

Nadine akasema anahisi kulikuwa na mtu wa tatu mle juu. Akasema hawezi kuandika jambo la kuhisi. Kama hapatikani mtu wa kusema, itabidi aache ripoti ilivyo, na jina lako libaki kama lilivyo. Akanipa zile kurasa tena. Akaniambia nizisome polepole, ana mpaka Alhamisi mchana.

Tangu hapo sikula vizuri. Arlene aliniuliza kama nina mwanamke mwingine. Nikamwambia katika umri huu hata huyo mmoja nashindwa kumtunza. Akacheka, lakini aliendelea kuniangalia. Jana nilikuwa nakusanya majani kwa reki chini ya mnara, na wanafunzi walikuwa wanajaribu magunia yao, wananizunguka wakifanya sauti za mizimu. Mmoja akaja mpaka usoni pangu. Yale matundu mawili. Nikaitupa reki nikamsukuma, mtoto wa watu, akaanguka kwenye majani. Wenzake wakafikiri ni mchezo, wakapiga makofi. Yeye akaivua ile kofia ya gunia, nikaona ni msichana, na ameogopa. Nikamnyanyua, nikamwomba msamaha mara nyingi mpaka akaona aibu yeye. Nikajua siwezi tena.

Kaka, mtu wa tatu ni mimi.

Ngoja nilitoe lote kwa pamoja, maana nikisimama sitaendelea. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ndiyo kwanza mwaka wangu wa pili kazini, kazi uliyonitafutia wewe. Unakumbuka tulivyochonga maboga yale wiki nzima, mikono ikanuka, na jioni yenyewe sisi tunasimama pembeni na mifagio? Wao wanaimba, sisi tunangoja kufagia. Mwaka ule nilitaka na mimi niwe na hadithi ya kusimulia baa. Ni hilo tu. Sikuwa na ugomvi na yule binti. Asubuhi ile alinisalimia kwa jina. Ningekuwa na chuki naye labda ningeelewa.

Saa kumi na mbili na nusu nilipanda mnarani. Gunia lilikuwa kwenye msumari kama ulivyoandika. Nikalitoboa matundu kwa kisu changu cha maboga. Nikajificha nyuma ya ile boriti nene ya upande wa kaskazini. Nikawasikia mnapanda. Nikakusikia unamwambia asiogope, kengele yenyewe ni ya upole kuliko watu. Nikamwona anafunga komeo. Alilifunga, Lyle. Nilimwona kwa macho yangu akilisukuma mpaka mwisho, na akalivuta kulijaribu. Akakanyaga mara tatu. Hatua zako zikashuka.

Yeye akaenda kwenye upenyo wa dirisha kuwaangalia watu chini. Mimi nikatoka polepole, nikalifungua komeo, nikauinua mlango. Nilitaka njia ya kukimbilia. Nimtishe, aruke, nishuke ngazi mbio kabla hajanitambua, kesho niwasikie wanafunzi wakihangaika. Nikaliweka gunia kichwani. Nikasimama kati yake na kengele, na nikanguruma.

Akageuka. Hakupiga hata kelele. Alirudi nyuma hatua, akanizunguka akitafuta ukuta, na akautafuta kwenye upande ule wa mlango niliouacha wazi.

Sauti aliyotoa alipofika chini sitakuandikia.

Nikatazama shimoni, hakuwa akijisogeza. Na hapa sikiliza, maana watu wote wanalijua jambo hili kinyume. Ile kengele niliipiga mimi. Niliivuta kamba kuita watu. Akili yangu ilisema kengele ikilia watu watakuja, kama moto ukitokea. Nikaivuta mara moja kwa nguvu zangu zote. Na watu wakashangilia. Taa zikazimika bweni baada ya bweni, mishumaa ikawaka, masufuria yakaanza, na mia nne wakaondoka kwenda kulizunguka bwawa wakiimba. Nilikuwa nimesahau siku hiyo kengele maana yake nini. Ningeweza kupiga kelele dirishani. Ningeweza kuipiga mara kumi. Ningeweza kushuka nikuite wewe, ulikuwa mlango wa mbele, hatua thelathini. Nikalisukuma gunia ndani ya ufa wa ukuta nyuma ya boriti, nikashuka ngazi, na kwa kuwa alikuwa amelala pale pale chini yake, nikamruka. Nikatokea mlango wa nyuma wa kanisa, nikaenda kusimama kwenye pipa la sida. Mtu akanipa kikombe. Nikanywa.

Dakika ishirini alilala pale mpaka wewe ulipoona hashuki ukapanda. Daktari alisema zile dakika ishirini ndizo zilizomaliza miguu yake, pamoja na ulivyomwinua bila kujua mgongo umevunjika. Na hilo pia wamelibebesha jina lako.

Kisha wakakufukuza. Wakaitaka nyumba ya chuo uliyokuwa ukikaa. Na Harlan akanipa mimi funguo zako mbele yako. Unakumbuka ulichosema? Ulisema bora zikae kwa Stambaugh. Ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Usisahau komeo, Denny."

Miaka thelathini na mitatu nimepanda mle kila Oktoba kufunga ulimi, na gunia lile liko nyuma ya boriti, sijaligusa, sijalichoma, nalipa mgongo nafanya kazi yangu nashuka. Mama alipokuwa anakufa aliniuliza kama naamini ulisema kweli kuhusu yale mapigo matatu ya sakafuni. Nikamwambia alale. Na wewe hukuja kumzika kwa sababu ulisema huwezi kupita mtaani watu wakikuangalia. Nilikaa kiti cha mbele peke yangu, watu wakanipa pole kwa kuwa na kaka kama wewe. Nikazipokea.

Leo asubuhi nilipanda. Nikalitoa. Limekuwa jepesi kama ganda la nyoka, lakini matundu mawili bado yapo. Nikalipeleka maktaba, nikaliweka juu ya meza ya Nadine, juu ya zile kurasa sita. Aliliangalia, akavua miwani yote miwili. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Alipomaliza kuandika akasema hawezi kusema nimefanya vizuri, kwa sababu si kweli, lakini anaitoa sura ile na kuiandika upya usiku huu, na mpiga chapa atangoja. Akanisomea sentensi ya kwanza. Inasema fundi Lyle Stambaugh alifanya kila kitu alichopaswa kufanya jioni ile, na alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Kisha nikampigia Rosalind. Niliona haifai jambo hili alisome kitabuni kwanza. Nikamsimulia yote. Nikasikia mtu anapiga piano chumba cha pili, mwanafunzi wake, anakosea pale pale kila mara. Akaniuliza swali moja tu. Akaniuliza nilipomruka, alikuwa amefumba macho au amefumbua. Nikamwambia amefumbua. Akasema, "Basi sikuota. Mume wangu miaka yote ananiitikia tu, kama mtu anavyomwitikia mtoto." Akasema nisimpigie tena. Kama ana neno atanipigia yeye. Akamwambia mwanafunzi arudie kuanzia mwanzo, na simu ikakatwa.

Mkuu wa chuo amenipokea saa nane. Kijana yule mpole, alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Amesema wanasheria watanitafuta na polisi wataarifiwa, na kesho nisije kazini. Nimerudisha funguo zote isipokuwa mmoja, na nilimwambia kwamba huo mmoja si wangu kuurudisha. Arlene nimemweleza jikoni. Amekaa. Bado amekaa huko ninapoandika, sijui atasema nini, na sitamharakisha.

Sikuombi unisamehe. Ningetaka kuomba, lakini nimeona kwamba ukiniandikia "nimekusamehe" nitakuwa nimechukua kitu kingine tena kutoka kwako, na nimeshachukua vya kutosha. Unaweza kunichukia. Unaweza kuja kunipiga, goti likiruhusu. Nitakuwa nyumbani.

Ila kuna jambo moja. Ulimi wa kengele nimeufunga mwenyewe tarehe mosi, na hakuna mtu chuoni anayejua fundo lako. Mimi nalijua kwa sababu wewe ulinifundisha. Tarehe thelathini na moja lazima mtu apande akaufungue, na baadaye asimame chini angoje mapigo matatu. Nadine amemwambia mkuu wa chuo kwamba hawatamtuma mtu mpaka wasikie kutoka kwako. Usipokuja, amesema, ulimi utabaki umefungwa, na saa moja kamili watasoma kwa sauti ile sura mpya, kama walivyofanya mwaka wa sabini. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo usikae nyumbani kwa sababu yangu.

Sasa unaweza kukitoa kile kitu kwenye kona. Ni ufunguo wa mnara. Ni ule ule, wenye alama mbili ulizozikata kwa faili ili uutambue gizani. Niliutunza, haujapata kutu.

Nisalimie majirani zako wanaokutendea wema, nao wajue wana mtu mkweli. Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako,
Denny

Kuhusu komeo, sijawahi kulisahau. Kila mwaka nimelifunga na kulivuta kulijaribu, kama alivyofanya yeye.